Kopo Lililokwanguliwa Lebo

Uligeuza macho. Usijitetee, nilikuona. Dada yangu alipoingia chumba cha kupigia pasi, mashavu na pua vimemwiva kwa wekundu, wewe ukajifanya umezama kwenye mashuka.

Msimamizi wetu, yule tunayemwita Pua, husimama mlangoni kila zamu akitunusa midomo. Siku ile alimnusa dada mara tatu.

"Umelewa."

"Chai tu, bosi."

"Chai gani inayomwivisha mtu hivi? Nenda nyumbani. Ijumaa utajieleza kwa meneja, na uje na barua ya kuacha kazi kabisa."

Fundi wa mashine akadakia, "Dada, si ungetubakizia hata funda moja!" Mkaangua kicheko. Na wewe ulicheka.

Mimi sisahau. Mwaka ule zilipoletwa pasi za mvuke, Mama Pacha alitolewa kwa mlango huohuo, akiwa na uso mwekundu kama huo. Akafuata yule binti tuliyemwita Kimya. Watatu, chumba kimoja, wote walevi? Mwambie mwingine.

Nilimpeleka dada kwa daktari wa ngozi. Yeye hakumnusa. Alimwuliza, "Usoni unapaka nini?"

Dada akasema: dawa ya kuungua, ya sanduku la huduma ya kwanza. Pua hutugawia baada ya zamu, kila mtu ncha ya kidole. Ni ya mikono, lakini inapoza, basi wapiga pasi wote huimalizia usoni.

"Ugonjwa wako wa ngozi unaitwa rosasia, huufanya uso kuwa mwekundu," daktari akasema. "Si pombe, wala hauambukizi. Mvuke, jua, hata chai ya moto huuchochea. Nitakupa jeli ya kupaka na krimu ya kukinga jua. Ila hiyo dawa yenu naitilia shaka. Kama ina steroidi, leo inatuliza, kesho inazidisha. Niletee kopo nilisome."

Jana nikaingia stoo, nikalitoa kopo kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Lebo imekwanguliwa kwa kisu, gundi bado inanata. Nikamwuliza Pua ni nani kaikwangua.

"Kwani umekuwa daktari lini, kijana?" Akalichukua kopo, akalifungia kabatini mwake.

Dawa ya kuungua ina siri gani? Aliyetugawia si ndiye huyohuyo anayetunusa? Ushahidi sina. Mashaka ninayo tele.

Dada ameshachoka. "Mdogo wangu, achana nao. Nitatafuta kazi nyingine."

"Na uso je, utatafuta mwingine?"

Miaka kumi na mmoja dada amesimama kwenye mvuke ule, leo atoke na jina la mlevi.

Kikao na meneja ni leo Ijumaa, saa nne. Wewe pia unaipaka usoni dawa hiyo. Vichunusi vyekundu vimeshaanza puani pako, na usiniambie ni joto. Inuka sasa, panda ngazi, ingia kwa meneja kabla dada hajatia saini barua ya kuacha kazi. Mwambie nani alikupa dawa ile, na udai kabati lifunguliwe mbele yenu wote.