Karatasi ya Fundi Yohani

Nyumba ya marehemu Machibya pale Makanyagio ilikuwa imechoka, na hilo hata mjane wake Specioza hakulibishia. Kuta za tofali mbichi, bati lenye kutu, na chumba cha nyuma kilichonuka panya. Lakini kujua mwenyewe kwamba nyumba yako imechoka ni jambo moja, na kuambiwa na mtu ni jambo jingine kabisa. Na aliyemwambia ni Épiphanie, mama mkwe wa binti yake.

"Bamwana," Épiphanie alisema, ndivyo Warundi wanavyoitana wazazi waliooziana watoto, "naona Scola ajifungulie kwetu Katumba. Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma. Mtoto atalala pakavu."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Specioza. Mimba ya kwanza mwanamke huja kuizalia kwao. Mama yake ndiye wa kumkanda, wa kumpikia uji, wa kumpakata mjukuu mbele ya watu. Specioza alikuwa na Scola huyohuyo mmoja. Akinyang'anywa uzazi huu angebaki na nini, panya? Akajibu kwamba chumba kilikuwa tayari kinatengenezwa. Ulikuwa uongo, na kesho yake asubuhi akaenda kumtafuta fundi ili uongo ugeuke kweli.

Hiyo ilikuwa Septemba ya mwaka tisini na saba, redio zikianza kutangaza mvua isiyo ya kawaida. Fundi Yohani, Mfipa asiyependa maneno mengi, aliizunguka nyumba mara mbili. Specioza alitaka vitu vidogo tu: kusiriba palipomeguka, kupaka chokaa yenye chumvi ili ishike, na rangi ya bluu kwenye dirisha. Hakutaka habari za kubomoa.

Yohani akasimama kwenye chumba cha nyuma. Kulikuwa na ufa, umeanzia pembe ya dirisha na kushuka mpaka usawa wa kitanda.

"Maji ya bati yamekula msingi," alisema. "Umetitia. Mimi ningeubomoa ukuta huu mzima, mama."

"Mwanangu anakuja mwezi ujao na tumbo lake. Atalala juani?"

Yohani hakubishana. Aliomba uji mzito wa muhogo, akachana ukurasa wa daftari, akabandika kipande cha karatasi kuvuka ufa, upande huu mpaka upande ule.

"Karatasi haina ubishi," alisema. "Ikikaa nzima, ukuta umetulia, tutasiriba na kupaka. Ikichanika, ukuta unatembea. Hapo asilale mtu humu hata usiku mmoja."

Siku kumi karatasi ilikaa. Siku ya kumi na moja Specioza aliingia kufagia akaikuta imepasuka katikati, mpasuko mwembamba, safi, utadhani umekatwa kwa wembe. Mawazoni akaiona Katumba. Akamwona Épiphanie amempakata mtoto, na yeye Specioza ameketi kwenye mkeka wa wageni akisubiri apewe zamu. Akaenda jikoni, akakoroga uji wa muhogo, akabandika karatasi nyingine juu ya ile ya kwanza.

Fundi alirudi, akaitazama karatasi, akaigusa kwa kidole.

"Haikuchanika?"

"Si unaiona."

"Basi nilikosea," alisema Yohani, na alionekana kufurahi kwa ajili yake. Wakasiriba, wakapaka chokaa mpaka chumba kikang'aa. Alimsihi jambo moja tu, karatasi iachwe ilivyo, bila kusiribwa, mpaka masika yapite. Specioza akaifunika kwa kalenda ya parokia.

Jamani, chumba kilipendeza. Scola alipofika aliangua kicheko mlangoni, akasema mama amejenga hoteli. Mama mtu naye akacheka. Lakini kila Scola alipokwenda kuoga, Specioza aliingia na kuinua kalenda. Novemba mvua zilipoanza kumwagika aliikuta imechanika tena. Akabandika ya tatu. Alijiambia kwamba uji ulikuwa mwepesi, kwamba karatasi hulainika kwa unyevu, kwamba mtoto akishazaliwa tu atawahamishia sebuleni. Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Watu walikuja kumwona na kusifia chumba, naye akaahirisha.

Siku ya sita Épiphanie alifika kutoka Katumba na wanawake wawili, wamelowa chapachapa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na sasa ilikuwa saa nane mchana. Aliingia kumsalimia mzazi, akayatazama yale mapambo yote, kisha akarudi sebuleni na kumshika Specioza mkono.

"Bamwana, niliidharau nyumba yako bure. Unisamehe."

Kwa miezi mitatu Specioza alikuwa ameyasubiri maneno hayo. Aliyapokea kwa kichwa kilichoinama, akaenda chumbani kumchukua mtoto ili bibi yake ampakate. Ndipo alipousikia mchanga. Ulikuwa unachuruzika nyuma ya kalenda, taratibu, unamwagikia sakafuni. Akainua kalenda. Karatasi zote zilikuwa zimechanika, na ndani ya ufa mtu angepitisha vidole viwili. Mwanga wa nje ulionekana.

Scola alikuwa ameketi kitandani, kifua wazi, ananyonyesha.

Neno la kumwambia Scola lilikuwa moja tu, ukuta. Lakini pazia la mlangoni lilikuwa jepesi, na nyuma ya pazia alikuwa ameketi mwanamke aliyekwisha kuomba msamaha.

"Nipe mtoto," Specioza alisema. "Mama mkwe wako anamtaka. Na wewe njoo, njoo sasa hivi."

"Nakuja, mama. Nivae kwanza."

"Njoo hivyohivyo."

"Mbele ya wakwe, na kanga imelowa maziwa?" Scola alitabasamu. "Si wewe uliyenifundisha adabu?"

Specioza akamchukua mtoto, akatoka naye, huku akijiambia kwamba kufunga kanga si kazi ya dakika nzima. Alikuwa ananyoosha mikono kumkabidhi Épiphanie mtoto ukuta ulipoanguka.

Majirani walichimba kwa majembe na kwa mikono, kwenye mvua. Fundi Yohani alikuja mbio na alikuwa wa kwanza kushika tofali. Walimtoa Scola kabla ya saa kumi. Alikuwa ameshafunga kanga moja, ya pili bado ameishika mkononi. Hakuwa anapumua.

Yohani aliinuka na bonge la udongo lililopakwa chokaa. Alilifuta kwa kiganja, akabandua karatasi ya juu, akakuta nyingine, akabandua na hiyo. Ya chini kabisa ilikuwa na mistari ya daftari lake. Alizishika zote tatu, akawatazama watu waliosimama pale.

"Mimi nilibandika moja," alisema. "Hizi nyingine nani kazibandika?"

Épiphanie alimgeukia Specioza. Mtoto alikuwa ameamka, anatafuta ziwa kwenye kifua cha Specioza.

"Mimi," Specioza alijibu, akamkabidhi Épiphanie mtoto.