Ndoo Iliyofika Kabla ya Kutoka

Tik. Mtu alichomoa chaji ukutani, sebuleni, gizani.

Nilibaki nimelala, mkono juu ya mgongo wa mwanangu Sabiri, nikatega sikio. Chaji ile ilikuwa ya kishikwambi cha kazi, na mume wangu yuko Mpanda kwenye ujenzi. Jina la kwanza kunijia lilikuwa la Abbasi. Huko ndiko shaka ilikokuwa imenifikisha wiki ile: mlango una komeo na kufuli, na bado namwona Abbasi amesimama sebuleni kwangu alfajiri.

Abbasi ni mwenzangu kazini. Anakwenda Kwihara na guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, anapokea asali kwa wafugaji wa nyuki, anapima kila ndoo na kuingiza uzito kwenye simu ya kampuni. Kisha ananiletea hapa Ng'ambo, kwenye kituo chetu, nami napima tena na kupokea kwa kishikwambi. Vipimo vikikubaliana, mfugaji anatambuliwa kuwa ameleta. Mimi niliisomea kompyuta jioni, Sabiri akiwa bado ananyonya, nikiandika kwa mkono mmoja. Kazi hii nilikuwa bado kwenye majaribio, na niliitaka mno.

Basi wiki ile programu ikaanza kujifunga. Naingiza uzito, nabonyeza "Pokea", kioo kinakuwa cheusi, na ikifunguka tena ile ndoo haipo, kwangu wala kwa Abbasi. Si ndoo zote. Zilizolala Kwihara zikaletwa asubuhi zilipita bila shida. Zilizopimwa na kufika siku hiyo hiyo ndizo zilizopotea. Na hizo Abbasi alikuwa nazo peke yake njia nzima, yeye na simu yenye vipimo.

Mzee Lugembe alikuja mwenyewe kutoka Kwihara kuuliza kwa nini ametumiwa ujumbe kwamba hajaleta kitu. Asali yake ilishamiminwa kwenye pipa pamoja na ya wengine.

"Mwanangu," aliniambia, "nyuki wangu wamefanya kazi. Aliyekula ni nani?"

Kichwani nilikuwa na jina moja tu.

Kila programu ilipojifunga kilitokea kidirisha: ungependa kutuma ripoti? Chini, kwa herufi ndogo, kiliongeza kwamba ripoti itaambatana na taarifa za kifaa. Taarifa zipi, hakikusema.

"Usibonyeze hiyo," Abbasi alinionya. "Dada aliyekuwa kabla yako alibonyeza. Yuko wapi leo?"

Nikajiuliza kwa nini yeye hasa hataki ripoti iende. Siku iliyofuata Wilbroad, msimamizi wetu, akanitumia ujumbe: "Mwangalie Abbasi. Ukiona kitu niambie mimi tu." Tangu hapo kila Abbasi akikohoa, mimi nahesabu ndoo.

Hayo yote yalinipita kichwani nikielekea sebuleni kwa kunyata. Mama mkwe wangu, Bi Kuluthumu, alikuwa ameketi kwenye mkeka, kioo cha kishikwambi kimemmulika uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unanyata kama mwizi kwenye nyumba yako?"

"Unafanya nini na kifaa cha kazi?"

"Naangalia saa nisipitwe na swala. Simu yangu imezima." Akanigeuzia. "Kumi na moja na dakika kumi. Bado kidogo."

Kioo kiliandika 11:10 PM, tarehe ya jana. Nikawasha simu yangu. Iliandika 5:10.

"Mama, nani amebadilisha hii?"

"Mimi. Kilikuwa kinasema uongo. Watu wanaadhini magharibi, chenyewe kinaandika sita. Sita ya nani? Nikakirekebisha kama nilivyorekebisha simu yangu. Wiki nzima, Shamila, leo ndiyo unaona?"

Kweli, sikuwa nimeona, na hilo ndilo lililoniketisha chini. Saa tatu asubuhi kilikuwa kinaandika tatu. Saa nane mchana kinaandika nane. Kilisema kama tunavyosema sote, nami nikakiamini. Simu ya Abbasi haikuguswa na mtu. Kwa hiyo ndoo ilitoka Kwihara saa saba mchana, simu yake ikaandika 13:00. Ilipofika kwangu saa nane, kishikwambi kikaandika 8:00, kama vile ni asubuhi ya siku hiyo. Kwa programu, ndoo imefika kabla haijatoka. Badala ya kuuliza, ikazimia.

"Nimeharibu?" Bi Kuluthumu aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hapana, mama. Swali njema."

Lakini nilijua nilichosaini kwenye mkataba wa kazi. Kishikwambi naruhusiwa kukipeleka nyumbani kuchaji, maana kituoni umeme ni wa kubahatisha. Mtu mwingine akikishika, kazi imekwisha. Nikirudisha saa kimyakimya, tatizo linakwisha na hakuna atakayejua. Abbasi atabaki na doa lake, na Mzee Lugembe na swali lake. Nikiripoti, nimejishtaki mwenyewe.

Sikuirudisha. Mchana Abbasi alipofika na ndoo nilimsubiri mlangoni, Sabiri pembeni yangu na sare yake ya chekechea.

"Kaka Abbasi, kabla hujashusha zote, lete moja tujaribu kitu."

"Unanitega?"

"Ningekuwa nakutega ningekwambia?"

"Nyie wa masomo ya jioni mna mambo!" Lakini alishusha.

Nikapokea kwa saa ya mama mkwe. Kioo kikawa cheusi. Nikarudisha saa, yeye akapima upya kwenye simu yake, nikapokea. Ikapita. Nilipomweleza sababu, Abbasi alicheka hadi akaegemea mzani.

"Sita ya nani! Mama yule ana haki kabisa." Kisha akajinyoosha. "Basi, imepona. Funga mdomo."

"Na Mzee Lugembe? Na wewe je, unayeshukiwa?"

"Nani ananishuku?"

Nikamwonyesha ujumbe wa Wilbroad. Aliusoma, akausoma tena, akatoa simu yake mwenyewe na kuniwekea mbele ya macho. "Mwangalie Shamila. Ukiona kitu niambie mimi tu." Maneno yaleyale, ya siku ileile.

"Ndiyo maana ulikuwa unanichungulia dirishani," nikasema.

"Na wewe unanisalimia huku macho yako kwenye ndoo."

"Na yule dada wa kabla yangu? Kweli alifukuzwa kwa kuripoti?"

Abbasi alikuna kidevu. "Aliondoka tu. Hayo mengine aliyasema Wilbroad."

Tukatazamana. Bado sikumwamini sana, naye vilevile, lakini sasa tulikuwa tunaangalia upande mmoja.

"Ukiandika, andika 'programu inajifunga yenyewe'," alisema. "Usiweke nyumba yako humo."

Nikaandika hivyo. Nikafuta. Fundi wa programu atakayesoma hayo hatapata hata ndoo moja. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kusema ulichofanya, ulichotegemea, na kilichotokea. Nikaanza upya, polepole:

"Nilibonyeza Pokea. Nilitegemea ndoo iingie. Programu ilijifunga, na vipimo vyote viwili vikafutika. Saa ya kifaa ilikuwa nyuma kwa saa sita. Ilibadilishwa nyumbani kwangu na bibi wa mwanangu ili isomeke kwa Kiswahili. Kukiacha kifaa wazi ni kosa langu. Ila programu ingeweza kusema tu kwamba saa si sawa. Bibi wa namna hii yuko hata kwenye vituo vya Kaliua na Igunga. Abbasi hajachukua asali ya mtu. Tafadhali tafuteni vipimo vya Mzee Lugembe wa Kwihara. Huenda viko mahali huko kwenu."

"Umeniandika jina," Abbasi alisema, akisoma juu ya bega langu.

"Nilitoe?"

Akausoma tena mstari ule. "Liache."

Nikabonyeza "Tuma". Kile kiduara kilizunguka na kuzunguka, mtandao wetu unavyojua kuringa, halafu kikatoweka. Nilimwambia Abbasi kwamba mafundi wakishajua watarekebisha, na vipimo vitapatikana. Nililiamini hilo. Aliitikia kwa kichwa, akaanza kushusha ndoo zilizobaki.

Hakufika mbali. Simu yangu ilitetemeka juu ya meza, na jina la Wilbroad likawaka kwenye kioo; bila shaka ripoti ilikuwa imemfikia yeye kwanza. Abbasi akasimama na ndoo mkononi. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, sijui kwa nini.

"Mama," Sabiri akasema, "simu yako inaita."