Gauni la Njano Kwenye Picha Ndogo

Walimwita Shangazi Mkasi kwa sababu mbili, na zote mbili alizistahili. Alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikuwa unakata. Ulimi huo ndio uliowafukuza wachumba wa Chiriku, binti wa marehemu kaka yake, ambaye alimlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mmoja Shangazi alimwona ana macho ya mwizi. Mwingine akamtangaza mtaa mzima kuwa ana mke, kumbe mke mwenyewe alikuwa dada yake, tumbo moja. Chiriku alilia mpaka macho yakavimba. Kwa hiyo alipotokea huyu wa sasa, alimkalisha shangazi yake kitini, akamshika mikono yote miwili.

"Huyu usimguse, Shangazi. Hata ukimwona ana mkia, nyamaza."

"Nimenyamaza."

"Apa."

Shangazi akaapa, ingawa alivuta pumzi kwanza.

Na kusema kweli hakuwa na la kusema. Bwana huyo alikuwa na adabu zake, mpaka nyumba nzima ikazoea kumwita Mpole. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hakuwahi kupandisha sauti. Alisema hajawahi kuoa, kazi ilimbana. Alikuwa na nyumba kubwa, mbali, ambako hakuna mtu wa familia aliyewahi kufika, na ndoa ingefungwa huko huko. Jumamosi mchana ingekuwa sherehe ya kuagana, kisha angemchukua Chiriku kwa gari lake waende. Baba Mdogo, mdogo wake Shangazi, alisema vijana wa aina hii siku hizi hawaokotwi njiani.

Shangazi alipewa kazi mbili tu. Ya kwanza ilikuwa kupunguza gauni la njano lenye lasi mikononi, zawadi ya Mpole, ambalo Chiriku angelivaa siku hiyo. Ya pili ilikuwa kutengeneza diski ya picha: maisha ya Chiriku tangu utotoni, kisha picha za Mpole, kisha za wote wawili, zipite moja moja kwenye televisheni na muziki laini nyuma yake. Kila jamaa angepewa nakala yake akaiweke nyumbani. Shangazi alijifunza kazi hii mwenyewe, kwa kubofya na kukosea na kuitukana kompyuta, na sasa ukoo mzima ulimtegemea.

Gauni ndilo lililomtia wasiwasi wa kwanza. Mpole alisema amelinunua jipya dukani. Lakini Shangazi alipofumua mishono ya ubavuni alikuta tundu za sindano za zamani, mstari juu ya mstari. Mtu alilipunguza, mtu akalipanua, mtu akalipunguza tena. Shangazi alitazama, akakumbuka kiapo chake, akashona.

Kwenye diski alianza na picha za karatasi. Alizipanga juu ya kitambaa cheupe, akazifuta vumbi, akaziskani kwenye kompyuta. Picha aliyoionea fahari kuliko zote ilikuwa ya mahafali ya Chiriku. Kaka yake hakuishi kuyaona mahafali hayo, basi Shangazi akamchukua kutoka picha nyingine ya zamani, akamkata taratibu kuzunguka mabega, akamsimamisha ubavuni pa binti yake. Kivuli chake pia hakukisahau. Chiriku alipoiona alilia, akakibusu kioo cha kompyuta kikabaki na alama ya mdomo. Shangazi hakuifuta.

Ijumaa mchana akafungua flashi aliyopewa na Mpole, yenye picha zake. Bwana alikuwa amempa maagizo mafupi: "Niweke peke yangu tu, Shangazi. Sipendi picha za msongamano."

Programu ilizipanga picha kwanza zikiwa ndogo ndogo, kila moja kama stempu. Shangazi akapitisha macho, akashtuka. Katika stempu ya kwanza Mpole alikuwa amekaa kwenye sofa, na kando yake alikaa mwanamke. Akaibofya. Picha ikajaa kioo, Mpole peke yake kwenye sofa. Mwanamke hayumo. Akairudisha ndogo. Yumo.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akajaribu ya pili. Kwenye ndogo yumo, kwenye kubwa hayumo. Ya tatu vilevile. Alifikiri majini, akafikiri uzee, kisha akakumbuka kitu alichokwisha kukiona mwenyewe, siku alipomkata jirani mmoja mlevi kwenye picha ya familia. Kamera ikipiga picha hutunza na nakala yake ndogo ndani. Baadhi ya programu, ukikata picha, hukata ile kubwa tu na kuisahau ndogo. Yule mlevi alibaki akicheka kwenye stempu yake miezi mingi.

Kwa hiyo Mpole alikuwa amewakata watu. Hilo peke yake si dhambi, nani hajawahi kumkata mtu pichani? Shangazi akasogeza uso karibu na kioo. Nyuso zilikuwa ndogo mno kuzitambua, lakini maumbo yalijieleza. Mwanamke wa sofani alikuwa mnene. Wa bustanini alikuwa mrefu, mwembamba kama fito. Wa pale mlangoni alikuwa mfupi kuliko wote. Wote walisimama au kukaa upande uleule wa Mpole. Na wote, mnene na mwembamba na mfupi, walivaa gauni la njano lenye lasi mikononi.

Gauni lenyewe lilikuwa pale mezani, chini ya mguu wa cherehani, nusu limeshonwa.

"Kazi inaendaje, Shangazi?"

Mpole alikuwa amesimama nyuma yake, soksi zake hazikutoa sauti. Shangazi alifunga ukurasa kwa haraka, hakujua kama ameuona au la.

"Inaendelea, baba. Macho tu ndiyo yanaumia."

"Pole sana. Usiyachoshe." Mpole alinyoosha mkono, akalishika gauni kiunoni, akapitisha kidole gumba kwenye mshono kama mtu anayepima kitambaa cha dukani. "Hapa usibane sana. Huwa panafumuka."

Alisema hivyo, akachomoa flashi yake, akaitia mfukoni, akashukuru, akaenda. Shangazi alikaa akiitazama ile sehemu ya kiuno. Mtu aliyenunua gauni jipya dukani amejuaje panapofumuka? Aliogopa, hakuna neno jingine. Lakini picha alikwisha kuzinakili kwenye kompyuta, na Chiriku aliporudi kutoka saluni, nywele zake zinanukia, Shangazi alikivunja kiapo chake kabla hata binti hajaketi.

Alimwonyesha zote. Ndogo, kubwa, ndogo, kubwa. Chiriku alitazama, na kwa muda mfupi Shangazi alidhani amefaulu.

"Umeanza tena," Chiriku akasema.

"Mwanangu, tazama gauni..."

"Nimeliona. Gauni unalo hapa mezani siku zote hizi, unaweza kulipiga picha utakavyo." Akamgeukia. "Shangazi, baba yangu alikufa sijajua kutembea. Ukamsimamisha kwenye mahafali yangu, na kivuli ukampa. Mtu aliyeweza kumfufua baba atashindwa kuumba wanawake?"

Shangazi akaitazama alama ya mdomo kwenye kioo. Angesema nini? Kazi yake mwenyewe iliyo safi ndiyo iliyomponza. Akajaribu kueleza habari ya kamera na nakala ndogo, lakini kadiri alivyoeleza kitaalamu ndivyo alivyozidi kusikika kama mtu aliyejiandaa.

"Weka zile alizokupa," Chiriku alisema. "Kubwa. Kama zilivyo. Usiongeze, usipunguze. La sivyo usije kesho."

Alisimama hapohapo mpaka diski zote zikarekodiwa. Shangazi aliziandika majina juu kwa kalamu, moja baada ya moja, machozi yakimdondokea mikononi. Alimpenda binti yule kuliko roho yake, na alikuwa anamfungia mzigo kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi sebule ya Baba Mdogo ilijaa watu mpaka kwenye korido. Televisheni yake mpya ilikuwa pana kama meza ya kulia, na alihakikisha kila mgeni ameambiwa hivyo. Chiriku aliketi mbele na Mpole, amevaa gauni la njano. Lilimkaa kana kwamba amezaliwa nalo. Shangazi alisimama nyuma karibu na mlango, hakuweza kukaa.

Diski ikaanza. Watu walicheka Chiriku akiwa hana meno, wakapiga makofi akiwa na sare ya shule. Ilipofika picha ya mahafali, baba yake ubavuni, Baba Mdogo akapenga kamasi kwa kishindo. Kisha zikaja za Mpole. Mpole sofani. Mpole bustanini. Vigelegele.

Ndipo ikaja ya mlangoni. Kwenye kompyuta Shangazi hakuwa ameona kitu, na kwenye simu ya Mpole bila shaka hakikuonekana pia. Lakini kwenye televisheni ile pana, ukingoni kabisa mwa picha, kulikuwa na ukanda mwembamba uliosahauliwa na mkato: kipande cha mkono wa nguo ya njano, lasi, na vidole vitatu vya mwanamke juu ya mkono wa Mpole.

Picha haikukaa. Mpole alikuwa amekwisha kuinyakua rimoti kutoka mezani na kuiruka picha hiyo kwenda inayofuata.

"Ee, rudisha!" watu wakapiga kelele.

"Nilifumba macho pale," Mpole alisema, akacheka kidogo. "Nimetoka vibaya."

Hakuwa amefumba macho. Shangazi aliona, na akaona kwamba Chiriku naye ameona, kwa sababu binti hakuitazama tena televisheni. Alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe pajani, lasi ile, kama mtu aliyetuliwa na mdudu akaogopa kumfukuza.

Onyesho likaisha. Makofi, diski zikagawiwa, watu wakatoka nje kuwasindikiza. Baba Mdogo alikuwa amekwisha kupakia masanduku kwenye gari. Mpole akafungua mlango wa mbele, akasubiri. Chiriku alimpita. Alikwenda nyuma ya gari, akafungua buti, akateremsha sanduku moja, akaliweka miguuni pa shangazi yake. Wageni walidhani amesahau kitu ndani. Akarudi, akateremsha la pili.

"Umebadili mawazo?" Mpole akauliza. Sauti ileile, haikupanda wala kushuka.

"Sijisikii vizuri," Chiriku alisema. "Nitakuja siku nyingine."

Mpole hakumtazama usoni. Alimtazama kuanzia kola, akashuka mpaka kwenye pindo.

"Haina shida. Lakini gauni nitaondoka nalo."

Baba Mdogo aliangua kicheko, akijua ni utani. Akacheka peke yake, kisha akaacha.

Shangazi alimkamata Chiriku mkono, akamwingiza ndani, akafunga mlango kwa komeo. Alimvua gauni hapohapo sebuleni, akamfunga shuka la kochi, akamkumbatia, na Chiriku akasema kifuani pake, "Nisamehe, Shangazi, nisamehe," bila kuacha. Kuna binti wa watu mahali fulani, Shangazi aliwaza, ambaye hana shangazi, na gauni hili linakwenda kwake. Akatoa mkasi mkobani. Alilipasua mgongo, akakata mikono, akaikata lasi vipandevipande, akakata kiuno pale panapofumuka, akakata mpaka sakafu yote ikawa ya njano na kiganja chake kikatoka lengelenge.

Kivuli kikaja dirishani. Mpole alikuwa amesimama upande wa pili wa nondo, mikono nyuma, akitazama kazi hiyo kwa utulivu.

"Kata tu, Shangazi," alisema. "Ninalo lingine."

Kisha wakalisikia gari likiwaka, likaondoka polepole.