Mafuta ya Mbizi

Watu wa Busia walimcheka Yahya ati yeye anaoga mara moja kwa siku, gari analiogesha mara mbili. Na wacheke! Hawakujua roho yake ilivyokuwa juujuu. Ile Pijo ya teksi haikuwa yake. Ilikuwa ya Mzee Mutwalibu, mwenye duka la vitambaa, na mzee alikwisha kumwambia waziwazi: "Nikiona kutu au mkwaruzo, unanipa funguo zangu." Dereva aliyemtangulia alifukuzwa kwa mkwaruzo mmoja tu.

Sasa niambie wewe, kutu utaikwepaje, kila siku Busia na Malaba, masika yanamwaga, barabara nzima tope jekundu? Yahya alisafisha kwa kitambaa laini, akakausha mpaka kwenye bawaba za milango, na bado usingizini aliota kutu.

Alhamisi, Okiror, mchuuzi wa kutoka upande wa Uganda, alimwonea huruma pale stesheni ya Malaba, akampa kopo la mafuta meupe mazito.

"Mafuta ya mbizi hii, bwana. Paka tu. Maji haitashika kitu."

Yahya, mtoto wa Pwani, alijua mbizi moja tu, ile wanayopiga watu majini. Akasema moyoni, naam, mafuta ya kupigia mbizi, maji yatapenya wapi? Akapaka chini ya gari, juu ya magurudumu, kingo za milango, akamalizia na vitasa vyote. Na kweli, mvua ya jioni ile iliteleza ikaenda zake. Yahya akalala usingizi mnono.

Kesho yake, adhuhuri ikikaribia, mkewe Hadijah, mzaliwa wa Iganga, aliliona lile kopo.

"Nini hii?"

"Mafuta ya mbizi."

Hadijah akaruka nyuma. "Yarabi! Yahya, kwetu mbizi ni nguruwe!"

Yahya akanyakua ndoo, akakimbilia kwenye gari. Mzee alikuwa njiani kuja, apelekwe sala ya Ijumaa. Najisi ile huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hilo alifundishwa katika chuo cha Kurani angali mdogo. Lakini udongo wenyewe umejaa changarawe, na mafuta hayatoki bila kusuguliwa. Akisugua, rangi imekwenda, na kazi imekwenda nayo. Akinyamaza, nani atajua? Okiror yuko Malaba. Hadijah ni mkewe. Alisimama pale na ndoo mkononi, hajui ashike lipi.

Mzee Mutwalibu akatokea, kanzu nyeupe pe, akanyoosha mkono kushika kitasa.

"Usiguse, mzee!"

Yahya mwenyewe hakujua sauti ile ilimtokaje. Alichota tope, akaupaka mlango, akausugua kwa nguvu zake zote huku akieleza kila kitu, Okiror na kopo lake, mbizi na nguruwe, machozi yakimtiririka. Changarawe ilikwaruza rangi mpaka bati likaonekana.

Mzee aliitazama ile mikwaruzo. Kisha akafungua kiganja, na Yahya akaziweka funguo humo.

"Ningekuwa mimi," mzee alisema polepole, "ningenyamaza."

Akaipandisha kanzu yake, akashika njia ya msikitini kwa miguu, matopeni.

Yahya akajaza ndoo maji, akaanza kuosha mara ya pili kati ya zile saba.