Shingo ya Suti Kavu

Koleta alipitisha kichwa kwenye shingo ya suti kavu ya kuzamia, na kichwa kikapita kirahisi mno. Shingo ile ilipaswa kumbana koo mpaka akunje uso. Sasa ilimkaa kama kola ya sare ya shule, yenye pindo na mshono wa uzi wa bluu, tena umenyooka kweli.

"Nani kaikata hii?"

Padri Alfred, aliyesimama ukingoni mwa shimo, alijibu kwa fahari kwamba aliipeleka mwenyewe Nachingwea kwa fundi Nasri, maana aliijaribu akaona itamnyonga mtu. Nasri akaipanua bure, kwa ajili ya wagonjwa. Na Nasri mwenyewe alikuwa hapo hapo. Kaacha cherehani, kapanda bodaboda mpaka huku Ruangwa, aje kuona kazi yake ikiingia majini. Ukarimu wa namna hii, jamani, unaweza kuua mtu.

Maana ukavu wote wa suti ile uko kwenye mipira ya shingoni na mikononi. Ikibana, unavaa sweta ndani, unashuka, unatoka umekauka. Ikipanuliwa, maji yanajaa ndani, nawe unazama.

Shimo lenyewe ni machimbo ya zamani ya kokoto, limejaa maji ya chemchemi, na hospitali ya misheni ilivuta maji yake humo. Siku kumi na moja sasa mdomo wa bomba ulikuwa umeziba, mita kumi na mbili chini. Akina mama waliotoka Malolo na Likunja walikuwa wakijifungua kwa maji ya ndoo, na daktari alishasema kesho anafunga chumba cha upasuaji. Koleta, mhudumu wa pampu, ndiye pekee aliyejua kuzamia na mtungi wa hewa. Ujanani alikamata samaki wa mapambo Ziwa Nyasa. Juzi alishuka na suti yake kuukuu ya mpira, ile inayoingiza maji. Baridi ya Julai ikamwingia mifupani, na baada ya dakika kumi vidole vikashindwa hata kushika kisu. Alilia njiani akirudi nyumbani. Ndipo suti kavu ya wafadhili ikaletwa.

Padri, kwa sauti ya chini sasa, alisema wangoje wazamiaji kutoka Dar es Salaam, wiki ijayo.

"Wiki ijayo tutakuwa tumezika mtu, Baba," Koleta alisema.

Akaivua ile suti, akaiokota ya mpira, akaivuta kiunoni. Ilipwaya. Aliinunua akiwa na mwili; miaka imempunguza. Akawaeleza kwamba suti ya namna hii haikatai maji. Inayashika machache, mwili unayapasha joto, na joto hilo ndilo blanketi. Yake ilikuwa ikiyaachia kila anapogeuka, na mengine ya baridi yanaingia. Kisha akamgeukia Nasri, aliyekuwa anatamani ardhi immeze.

"Fundi, mkono wa kupanua unao. Wa kubana je?"

Koleta akaivua, akavaa gauni lake, na Nasri akachukua chaki. Alimpima juu ya gauni kama anayepima bibi harusi, akakata mgongoni na ubavuni, akaunganisha kwa gundi ya pancha, kisha akashona kwa mkono, sindano ikiishia katikati ya unene wa mpira isitoboe upande wa pili. Hakuinua uso mpaka saa nane mchana. Ilibidi watu wawili wamvute Koleta ili aingie. Muuguzi Goreti akamletea glavu za jikoni, akammiminia shingoni maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai. Koleta akafumba macho kwa raha.

Padri akashika kamba, Koleta akashuka.

Baridi ilikuwa ile ile ya juzi. Ilimuuma usoni na kwenye vifundo vya miguu, lakini kifuani hapana. Kwenye mdomo wa bomba alipapasa gunia la korosho lililoviringika na tope. Alikata, akavuta, akakata tena. Dakika kumi zikapita, zikapita ishirini, na vidole vilimtii kila alipoviagiza. Chini kule, peke yake gizani, Koleta alicheka mpaka mapovu yakamziba macho.

Aliibuka na gunia mkononi. Dastani, msaidizi wake, akawasha pampu. Ilikohoa, ikanguruma, kisha ikatulia kwenye mlio wake wa siku zote.

Nasri aliinama ukingoni, jasho likimtoka. "Inavuja, dada?"

"Inavuja, fundi. Vilevile inavyotakiwa."

Kule juu hospitalini, kwa siku kumi na moja kila mpita njia alikuwa akijaribu bomba na kuliacha wazi. Sasa maji yalitoka yote kwa pamoja, wodini, kwenye korido, uani kwa kufulia, kwanza mekundu, kisha meupe. Yalimwagika sakafuni na kushuka ngazi, na kwa muda mrefu hakuna aliyekwenda kuyafunga.