Ukiuliza, Nyamaza

"Usimtajie hatari," Mshauri alimnong'oneza daktari wa macho mlangoni. "Ni mama yangu. Ataogopa, atakataa, atapofuka."

Daktari akatabasamu mpaka gego la mwisho likaonekana. Miaka yote mwanamke huyu, mshauri wa maadili wa hospitali, alikuwa amewakaba madaktari koo: mweleze mgonjwa ukweli wote, muulize, kisha nyamaza mpaka ajibu mwenyewe. Juzi tu alimsema daktari huyu huyu mbele ya wenzake kwa kumficha mzee mmoja hatari za upasuaji. Ama kweli, mganga hajigangi!

"Juzi uliniambiaje?" daktari akauliza.

"Juzi hakuwa mama yangu."

Wakaingia. Mama alikuwa ameketi kitandani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, lakini masikio yalikuwa mazima kabisa.

"Habari za asubuhi, mama. Una maumivu?"

"Hana," Mshauri akadakia.

"Umelala vizuri?"

"Fofofo."

"Na upasuaji, unauonaje?"

"Anakubali."

"Lo! Kumbe nimeshakufa, nasemewa tu!" mama akafoka. "Daktari, nasikia hapa kuna mtu wa kutetea wagonjwa. Niitie. Nina kesi na binti yangu."

Muuguzi aliyekuwa akitandika kitanda cha pili akaangua kicheko. "Bibi, mtetezi mwenyewe ndiye huyo!"

"Huyu?" Mama akapiga makofi. "Basi tumekwisha."

Mshauri alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini hofu ikaishinda aibu. "Mama, naogopa," akasema. "Ukikataa, hutaniona tena. Ndiyo maana nikamwambia akufiche."

"Anifiche nini?"

Daktari akavuta kiti, akamweleza. Wengi huona tena. Wachache jicho huharibika moja kwa moja, na hakuna ajuaye mapema litakuwa la nani.

"Unasemaje, mama?" akauliza. Kisha akanyamaza, kama alivyofundishwa, moyo wake kwatu.

Mama akafikicha ncha ya shuka. Mshauri akauma ulimi. Akakalia mikono yake. Muuguzi naye akaacha kutandika, mto ukiwa kifuani. Kimya kikazidi, mpaka kikamshinda Mshauri.

"Mama anachotaka kusema ni—"

Mkono wa mama ukanyooka, ukapapasa hewani, ukagonga pua, ukateremka shavuni palipolowa, ukaupata mdomo wa binti yake. Ukauziba.

"Haya, daktari," mama akasema, bila kuuondoa mkono. "Niulize tena. Polepole."