Athanas Alipompandisha Marehemu Foleni ya Kwanza

Haki ya Mungu, hii haina chumvi hata punje, na asiyeamini apande akaulize: Athanas alikuwa amechuchumaa mbele ya ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, kwenye stoo ya misheni, maji ya mvua yakimtiririka shingoni, anamtafutia marehemu nafasi kwenye foleni.

Marehemu alikuwa mjomba wake, mzee Kobelo, mkubwa wa ukoo, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Jina la mzee lilikuwa liende kwa mpwa mwingine, Andrea, anayeishi Mafiga, kule mjini. Katika ukoo wao kaburi la mkubwa halifukiwi mpaka mrithi aitwe kwa jina lile mbele ya watu, naye aitike. Lakini masika ilikuwa imekula barabara ya kuja Matombo, magari yamelala ng'ambo ya korongo. Wazee wakaamua Andrea aitikie kwa simu ya picha, kwenye skrini itakayowekwa pale pale makaburini.

Mtandao wetu wa kijiji mlezi wake ni Athanas. Alikuwa fundi redio na mkulima wa maharage. Vijana wa mradi mmoja waliuacha mikononi mwake walipoondoka, na kuanzia hapo akawa anajifundisha kwa kuharibu na kutengeneza. Unarushwa hewani kutoka mjini mpaka kwenye antena iliyofungwa juu ya tangi la maji, na njia yake ni nyembamba kama kichochoro cha mlimani: wakipita wengi kwa pamoja, wote wanakwama. Kwa hiyo aliwapangia foleni. Ya kwanza zahanati, ya pili shule, kisha ofisi ya kijiji, na mkiani kabisa sisi wengine na mpira wetu. Katekista alipoomba apandishwe juu kidogo, Athanas alimjibu kwa upole kwamba aje na uchungu wa kuzaa, atampandisha.

Siku ile upole haukumsaidia. Simu ya makaburini aliiweka foleni ya kwanza, bega kwa bega na zahanati, ila akaifunga kikomo: picha ichukue nusu ya njia, isizidi. Nusu nyingine alikuwa na sababu ya kuilinda. Felista, binti wa dada yake, alikuwa zahanati tangu alfajiri na mimba yake ya kwanza. Kwetu Uluguru mtoto wa dada ni wako kuliko wa kumzaa mwenyewe.

Makaburini turubai lilifungwa, skrini ikawashwa. Sura ya Andrea ikaja, halafu ikavunjika vipande vya mraba, jicho huku, kidevu kule. Watu wakaguna. Mama mkubwa Mwanvita, dada wa marehemu, alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akageuka.

"Athanas, mwanangu," akasema taratibu, "huyu ndiye anayebeba jina la kaka yangu. Nawe unatuletea amekatwakatwa?"

Athanas alipanda tena kilima na tope lake mpaka stoo, akakitoa kikomo. Zahanati aliishusha nyuma, kwa sababu mkubwa wa ukoo hawekwi sawa na mtu siku ya kuzikwa kwake. Asubuhi Chausiku, nesi wa zahanati, alikuwa amemwambia kwamba Felista anaendelea vizuri. Kuitana jina ni jambo fupi. Hivyo ndivyo alivyojiambia akiteremka.

Sura ya Andrea ilirudi nzima, hata ndevu ungezihesabu.

Zahanati, wakati huo huo, mtoto alitanguliza mkono. Simu za kawaida zilikuwa zimekufa na mvua, kwa hiyo Chausiku alimpigia daktari wa mjini kwa mtandao, kama alivyozoea, ili aone na kumwelekeza. Daktari akatokea na mdomo wazi, akaganda. Sauti ilikuja kama mawe yanayoanguka mojamoja: "Usi... mgeuze... kwanza..." Kisha hakuna. Alipiga tena, na tena. Mwisho akamtuma Happiness, mama anayefanya usafi wodini, amkimbilie Athanas.

Happiness alikimbia mpaka makaburini. Hapo akasimama. Makaburini kwetu mtu hakimbii, na jina likiwa linaitwa hakuna anayefungua mdomo. Alijitanda khanga, akakaa chini na wanawake, akingoja. Kila nyumba ya ukoo iliita kwa zamu yake, na Andrea akaitikia kila nyumba, safi kabisa, kama yuko pale. Athanas alisimama kando ya skrini, kwa mara ya kwanza siku hiyo kichwa kiko juu. Akatupa jicho upande wa wanawake na kuiona aproni ya wodini chini ya khanga ya Happiness.

Akakimbia. Mbele ya kaburi, mbele ya ukoo mzima, akakimbia. Huko stoo akaipa zahanati njia yote, na skrini ikazimika Andrea akiwa katikati ya kuitika.

Basi njia ilipofunguka, sauti ya daktari ilishuka zahanati kama radi! Chausiku akafuata neno kwa neno, mtoto akatoka, dume, akalia kilio ambacho antena ilikibeba mpaka Mafiga, Andrea akakisikia kwenye simu iliyozimwa, na mpaka leo kitoto kile kikilia redio za kijiji zinakoroma.

Hapo ndipo nilipofikia jana kijiweni kwa Salum muuza kahawa, watu wanacheka, vikombe mkononi. Sikuwa nimemwona Chausiku. Alikuwa nyuma yangu, amekuja kununua kashata.

"Shikamoo, babu," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi nilikuwepo. Mtoto hakulia."

Salum akaacha kumimina. Nikamwambia nilitaka tu Athanas asisikie vibaya kisa kikimfikia. Akasema Felista mwenyewe amepona na anatembea, ila mjomba wake hajashuka kilimani tangu siku ile. Hadithi yangu, akasema, haitampandishia chakula kule juu.

Kijiweni kwetu anayekamatwa na uongo hunywesha wote kahawa. Chausiku akasema yake hataki. Yeye anataka nipande.

Nimepanda leo, na magoti haya, na mkungu wa ndizi kichwani. Nilimkuta stoo, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tukachoma ndizi, tukala. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na foleni moja tu, ya zahanati. Ameipa njia yote. Haikuwa na mtu. Mstari wake wa kuonyesha matumizi ulilala chini, umenyooka, na nyuma yake kijiji kizima kimesimama na mpira wake, na shule, na ofisi. Hakuna aliyekuja kulalamika.